Karatasi Iliyosimama: Neno juu ya Kufundisha Ufundi

Kuna mafundisho ya ufundi yanayoanza na picha, na kuna mafundisho yanayoanza na kitu chenyewe. Matunda ya yale ya kwanza tumeyaona kwa macho. Katika karakana moja tuliyoijua, kijana alipewa picha ya kiti cha Ulaya akaambiwa aiige. Aliiga vizuri, hata miguu iliyopindwa. Lakini mbao yake ilikuwa ya mkaratusi, tena mbichi. Kiangazi kilipofika, kiti kikapasuka toka juu mpaka chini. Kijana akakaripiwa mbele ya wenzake kwamba ni mvivu, wala hakurudi tena. Sisi twasema: kosa halikuwa la mikono yake. Hakuna aliyemfundisha kuiuliza mbao inaweza nini.

Ndiyo sababu twataka kupima hapa somo moja lililopata sifa kubwa duniani. Mwaka 1919 Walter Gropius alifungua shule iitwayo Bauhaus katika mji wa Weimar, Ujerumani. Mwanafunzi, kabla ya kuingia karakana ya mbao, ya chuma au ya kufuma, alipita kwanza katika somo la kutangulia, la miezi sita. Johannes Itten ndiye aliyelianzisha. Tangu 1923 likashikwa na László Moholy-Nagy pamoja na Josef Albers. Huyu Albers alizaliwa mwaka 1888 huko Bottrop, mji wa wachimba makaa. Baba yake alikuwa fundi wa mikono, naye mwenyewe alifundisha watoto wadogo shuleni. Katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli la mji wake alitengeneza dirisha la vioo vya rangi. Alipofika Weimar hakuwa na fedha za kununua vioo. Basi akaenda jalalani, akaokota vipande vya chupa, akafanya kazi navyo.

Somo lake lilifanana na maisha yake. Aliingia darasani na magazeti, akawagawia wanafunzi, akawaambia wafanye kitu kwa karatasi ile bila kuipoteza bure, na kama yawezekana bila mkasi wala gundi. Kisha akatoka. Aliporudi baada ya saa kadhaa alikuta mashua, ngome, ndege na vinyago. Hakuvisifu. Alisema vitu hivyo vingefaa zaidi kufanywa kwa mali nyingine. Akaokota kazi ya kijana mmoja wa Hungaria, aliyekuwa ameikunja karatasi tu, mkunjo baada ya mkunjo, hata ikasimama yenyewe. Karatasi iliyolala ni laini. Iliyokunjwa hupata nguvu. Umbo lile halikubandikwa juu ya karatasi, lilitoka ndani yake.

Hapa twamsifu Albers bila kusita. Tena twaona kwamba jambo hili si geni kwa mama zetu. Mfinyanzi huchanganya udongo na vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni. Hukipa tako la mviringo kwa sababu mviringo huvumilia moto, tena hukaa vema juu ya mafiga matatu. Hakuna aliyemchorea picha. Udongo, moto na mafiga ndivyo vilivyochora.

Lakini sifa isitufumbe macho. Kwanza, karatasi iliyosimama haijamsaidia mtu bado. Ni zoezi, si chombo. Mwanafunzi anayeishia hapo atapenda umbo, atamsahau mwenye kulitumia. Mwaka 1925 Marcel Breuer, aliyetoka katika shule hiyohiyo, alifanya kiti kwa mabomba ya chuma, akiwa amepata wazo katika usukani wa baiskeli. Ni kazi ya akili nyingi: chuma kinapindika, ni chepesi, hakipasuki. Walakini kiti kile kilikuja kukaa zaidi katika nyumba za wenye fedha kuliko za wafanyakazi. Mali iliulizwa, maskini hakuulizwa vya kutosha.

Pili, tunaona ukali katika hukumu ya zile mashua. Anayeiga hajifunzi bure. Wazee wetu walijifunza kufua chuma kwa kumtazama fundi miaka mingi, na mkono wao ukawa na akili. Ubaya hauko katika kuiga, uko katika kuiga bila kujua sababu.

Tatu, mlango haukuwa wazi sawasawa. Wanawake wengi walisukumwa kwenye karakana ya kufuma, wapende wasipende. Anni, mke wa Albers, aliingia huko bila hamu. Hata hivyo mwaka 1930 alifuma kwa pamba na selofani kitambaa cha kufunika ukuta wa ukumbi, chenye kunyonya kelele upande mmoja na kurudisha mwanga upande wa pili. Aliyewekwa pembeni ndiye aliyelishika somo kuliko wengi.

Mwaka 1933 Bauhaus ilifungwa kwa kusongwa na serikali ya Hitler, na Albers akaenda Marekani kufundisha. Somo lake halikufungwa pamoja na milango. Kwetu Kongo pia, Ndugu Marc-Stanislas alianzisha shule ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi mwaka 1943, nayo ikahamia Léopoldville mwaka 1949. Leo ni Akademia ya Sanaa ya Kinshasa. Basi hatuanzi gizani.

Kwa walimu wa karakana ndogo za parokia twaomba mambo mawili tu. Wiki ya kwanza msitoe picha yoyote. Mpeni kijana matete, udongo, kipande cha mbao mbichi na kingine kikavu. Avikunje, avilowanishe, avianike juani, aone vinavyofanya. Wiki ya pili mleteni bibi mzee mwenye magoti mabovu, kijana ampime urefu wa kukaa na kuinuka. Baada ya hapo ndipo achukue msumeno. Na kiti kikipasuka, mwalimu ajiulize kwanza yeye mwenyewe alifundisha nini, kabla ya kumkaripia mtoto wa watu.