Reli Iliyoandikwa kwa "Huenda"

Kitabu cha Gordon H. Chang, Ghosts of Gold Mountain, nilikisoma nikiwa na penseli mkononi, na kabla sijafika mbali nikajikuta nazungushia duara neno lile lile. Huenda. Mfanyakazi huenda aliona hiki, yumkini alihisi kile, inawezekana alipita hapa. Nilikereka. Mtu ni profesa wa historia, amekaa na majalada kwa miaka, halafu ananipa "huenda"? Ya namna hiyo hata mimi naweza kuiandika nikiwa nimejilaza kwenye kochi.

Sasa nimekisoma mara ya pili. Zaidi ya nusu ya yale maduara nimeyafuta. Yaliyobaki sitayafuta.

Kisa chenyewe kila aliyewahi kuangalia filamu za makauboi anakijua juu juu. Tarehe 1 Julai 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kujenga reli ya kuvuka Marekani hadi Pasifiki. Kampuni mbili zilipewa kazi. Central Pacific ilianzia Sacramento, California, ikaelekea mashariki na kukutana mara moja na milima ya Sierra Nevada. Union Pacific ilianzia Omaha ikaelekea magharibi, kwenye tambarare. Serikali ilitoa hati za mkopo kwa kila maili: dola 16,000 penye tambarare, 32,000 katika nyanda za juu, 48,000 milimani. Juu yake ikaongeza ardhi. Kwa hiyo kila maili ilikuwa fedha, na kila maili uliyomwachia mwenzako ilikuwa fedha uliyompa yeye. Wakashindana miaka sita hadi walipokutana Promontory Summit, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Jumla, maili 1,776.

Nikisema "walikutana", nani hasa? Hapo ndipo vitabu vinapoachana.

Stephen Ambrose alitoa kitabu chake, Nothing Like It in the World, mwaka 2000, na kiliuzwa sana. Nilikimaliza kwa siku tatu, maana jamaa anajua kusimulia. Ila anasimulia mbio, na mbio husimuliwa na aliyeshika saa. Wachina waliojenga upande wa California anawasifu, tena kwa moyo. Shida ni kwamba anawasifu kwa jumla, kama mtu anayesifu mvua. Wenye majina, hasira, madeni na wake nyumbani ni wengine: Leland Stanford, Collis Huntington, Charles Crocker, Thomas Durant. Simlaumu peke yake. Kumbukumbu zenyewe ziliandikwa hivyo. Tarehe 28 Aprili 1869 Central Pacific ilitandika maili kumi za reli kwa siku moja, na wanaume wanane wa Kiairishi walionyanyua vile vyuma majina yao yaliandikwa, mpaka leo unaweza kuyasoma, mmoja mmoja. Wachina waliokuwa wakitandaza mataruma na kushindilia kokoto siku hiyo hiyo, kwenye maili hizo hizo, hakuna aliyewaorodhesha.

Chang anaanzia kwenye shimo hilo. Wachina walikuwa sehemu kubwa kabisa ya nguvu kazi ya Central Pacific. Makadirio yanaanzia elfu kumi na kuendelea juu. Wengi walitoka Siyi, wilaya nne za mkoa wa Guangdong. Na hakuna barua hata moja, hakuna shajara hata moja ya mmoja wao iliyopatikana mpaka sasa. Si kwamba wote hawakujua kuandika. Barua na fedha zilikuwa zikienda nyumbani. Lakini mitaa ya Wachina katika miji mingi ya magharibi mwa Marekani ilichomwa moto na magenge ya wazungu katika miaka iliyofuata, na huko Guangdong vita na mapinduzi vilimaliza kilichobaki. Hata vitabu vya mishahara vya kampuni havisaidii sana, kwa sababu kampuni ilimlipa mkuu wa kikundi, naye akagawa. Unakuta jina kama Hung Wah, na nyuma yake wapo watu wasiotajwa.

Mwandishi afanye nini hapo? Chang na wenzake katika mradi walioanzisha Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2012 walifanya kazi ya kuokota. Vipande vya mabakuli ya wali vilivyofukuliwa kwenye makambi. Vichwa vya viko vya kasumba. Kete za michezo. Nyimbo za wanawake wa Guangdong walioachwa na waume waliokwenda "Mlima wa Dhahabu", kama walivyoiita California. Magazeti ya wakati ule, mengi yakiwa ya watu waliowadharau. (Kejeli moja Chang anaijua vizuri: chuo chenyewe kilijengwa kwa fedha za Leland Stanford, ambaye alipoapishwa kuwa gavana wa California Januari 1862 alitaka Waasia wazuiwe kuhamia jimboni. Msumari wa dhahabu uliogongwa Promontory umo katika makumbusho ya chuo hicho hicho.)

Nilipoisoma sura ya handaki la kileleni ndipo nikaanza kufuta maduara. Handaki hilo lina urefu wa karibu nusu kilomita, katika mwamba wa itale mgumu kiasi kwamba mara nyingi siku nzima ya baruti, nyundo na patasi ilisogeza kazi kwa futi moja tu. Walichimba kutoka pande zote mbili, kisha wakatoboa shimo la wima katikati ili wachimbe kutoka ndani kwenda nje. Baadaye wakatumia naitrogliserini, iliyotengenezwa pale pale kwa kuwa ilikuwa hatari mno kuisafirisha. Majira ya baridi ya 1866 hadi 1867 mhandisi mmoja alihesabu dhoruba za theluji 44. Wafanyakazi waliishi chini ya theluji, wakitembea kwenye vichochoro walivyovichimba ndani yake kutoka makaoni hadi kazini. Maporomoko yalizika kambi, na maiti nyingine zilionekana theluji ilipoyeyuka.

Chang akisema katika hali hiyo kwamba huenda kulikuwa na watu waliokaa wiki nyingi bila kuliona jua, neno hilo lina miguu. Limesimama juu ya dhoruba 44, juu ya zamu za usiku na mchana, juu ya ripoti ya mhandisi. Ni mwandishi aliyekataa kusema zaidi ya ushahidi wake, akakataa pia kusema chini yake. Mwanzoni nilidhani ni woga. Sasa naona ni heshima.

Ni hivyo hivyo kwenye mgomo. Juni 1867 kiasi cha Wachina 3,000 waliweka zana chini kwa wakati mmoja, makambi yakiwa yametawanyika milimani kwa maili nyingi. Walidai dola 40 kwa mwezi, na saa za kazi zipunguzwe, hasa kwa waliokuwa ndani ya mahandaki. Wazungu walikuwa wakilipwa dola 35 pamoja na chakula. Wachina chakula walijinunulia. Crocker alikata chakula kisipande mlimani, na baada ya kama wiki moja kazi ikaanza tena bila dai lao kukubaliwa. Miaka baadaye Crocker mwenyewe alieleza kwamba mgomo ule ulikuwa mtulivu kama Jumapili. Watu wameisoma kauli hiyo kama ushahidi wa upole wa Wachina. Chang anaigeuza: maelfu ya watu, makambi mbalimbali, siku moja, bila fujo. Nani alipeleka ujumbe? Walikaa wapi kukubaliana? Utulivu ule ni alama ya mpangilio, na mpangilio una viongozi, hata kama hatuna jina la mmoja wao. Kama una muda wa kusoma sura moja tu ya kitabu hiki, soma hiyo.

Maduara niliyoyaacha ni ya aina nyingine. Ni yale "huenda" ya moyoni: huenda walijivunia, huenda walitumaini. Hapo hakuna bakuli lililofukuliwa, kuna huruma tu ya mwandishi, na huruma ina tabia ya kuwapa wafu hisia ambazo sisi tungependa wawe nazo. Mtu aliyelipwa pungufu ili apasue mlima wa mtu mwingine si lazima aujivunie. Anaweza kuwa aliuchukia kila siku. Chang ana shabaha njema, anataka Wachina wahesabiwe miongoni mwa walioijenga Marekani, na shabaha hiyo mara nyingine inamvuta mkono.

Maxine Hong Kingston alilikwepa tatizo hilo mapema, katika China Men, mwaka 1980. Yeye hana "huenda" nyingi. Anasimulia babu, Ah Goong, kwenye milima ya Sierra Nevada, anamning'iniza ndani ya kikapu juu ya genge akitega baruti, anampa matamanio, upweke na ucheshi. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kama vikapu hivyo viliwahi kuwepo. Kingston hasumbuki, kwa sababu hatangazi kwamba anathibitisha. Anasimulia alichorithi, pamoja na nyufa zake. Ah Goong wake anaruhusiwa kuwa mtu wa ajabu, hata wa aibu. Wafanyakazi wa Chang ni wema mno.

Pengo lingine la Chang ni tambarare. Reli ilikuwa na pande mbili, na ule wa Union Pacific ulipita kwenye ardhi za Wacheyenne, Walakota na Wapawnee, watu ambao hawakuombwa ruhusa. Chang ameandika juu ya Wachina na ana haki ya kuchagua. Lakini ukikimaliza, mtafute Manu Karuka, Empire's Tracks, cha mwaka ule ule wa 2019. Ni kigumu, kina nadharia inayochosha macho, ila ndani yake reli inaacha kuwa zawadi ambayo Wachina wananyimwa sifa yake. Inakuwa silaha, na swali la nani aliitengeneza linapata uchungu mwingine.

Kisha kuna ile picha. Andrew J. Russell aliipiga Promontory siku ya kumaliza: vichwa viwili vya treni vimeelekeana, wahandisi wakuu wawili, Samuel Montague na Grenville Dodge, wanapeana mikono, watu wamepanda juu ya injini wakinyoosha chupa. Katika umati huo huwaoni Wachina. Si kwamba hawakuwepo siku hiyo. Kikundi chao kilisaidia kuweka reli za mwisho, na magazeti yaliandika kwamba msimamizi James Strobridge aliwakaribisha baadhi yao kula katika behewa lake, wakapigiwa makofi. Ila picha ilishapigwa. Miaka 100 baadaye, Mei 1969, waziri wa uchukuzi John Volpe alihutubia pale pale, akauliza ni nani kama si Wamarekani angeweza kutoboa milima ile, huku wazao wa Wachina wakiwa wameketi wanamsikiliza. Wakati wa ujenzi, Wachina hawakuruhusiwa hata kuupata uraia huo. Mwaka 2014 mpigapicha Corky Lee aliwakusanya wazao hao mbele ya injini mbili za mfano, akapiga picha upya.

Niseme sasa kwa nini kitabu cha reli ya Marekani kimenishughulisha hivi. Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua wa TAZARA, kipande cha Mlimba hadi Makambako, kile chenye mahandaki na madaraja mengi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Alifanya kazi bega kwa bega na Wachina, na alichobakiza nyumbani ni maneno machache ya Kichina aliyoyatamka vibaya kutuchekesha, na habari ya rafiki yake mmoja aliyekufa kazini, ambaye babu alimwita Mnyalu tu. Mnyalu si jina. Ni namna ya kusema mtu wa Iringa.

Gongo la Mboto, pembeni mwa Dar es Salaam, kuna makaburi ya Wachina waliofia kwenye reli yetu. Yamepangwa kwa mistari, na mawe yana majina. Nilikwenda baada ya kumaliza kitabu, nikafikiria habari ya gazeti la Sacramento ya mwaka 1870 ambayo Chang anaitaja: treni iliyobeba mifupa ya Wachina, pauni elfu ishirini, ambayo mwandishi aliikadiria kuwa ya watu 1,200, ikirudishwa kwao ikazikwe. Kampuni haikuweka hesabu ya Wachina waliokufa. Uzito wa mifupa ndiyo hesabu.

Shangazi alinishauri nimtafute mzee mmoja wa Makambako ambaye bado ana akili timamu na alikuwa kambi moja na babu. Nimempigia mara mbili. Mara ya pili nilimuuliza juu ya Mnyalu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanyalu walikuwa wengi, mjukuu wangu. Unamuuliza yupi?" Nimeandika majina matatu aliyonitajia. Mbele ya kila moja nimeweka neno lile, kwa penseli.