Mkono wa Mrututu

Tungule zinazoliwa Tudor, kama za kisiwa kizima cha Mombasa, hutoka mbali. Huja na malori kutoka Taveta na Loitokitok, hushushwa Kongowea, kisha huvuka daraja la Nyali hadi kwenye meza za vichochoroni. Mtu akiotesha zake mwenyewe nyuma ya nyumba, baina ya ukuta na tangi la maji, watu humwona anajitafutia taabu. Na kweli taabu ipo. Hewa ya huku ni nzito, nguo haikauki vizuri kambani, na bakteria wa madoa, yule wataalamu wanayemwita Xanthomonas, hali hiyo ndiyo aitakayo: joto la nyuzi 24 hadi 30 na jani lililolowa. Masika yakiingia, tone la mvua likigonga jani bovu humrusha hadi jani zima la jirani.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye wakubwa kwa wadogo tunamwita Ami, hajakubali kushindwa na bakteria huyo. Zamani kazi yake ilikuwa kupaka rangi matumbo ya meli, rangi nyekundu yenye shaba inayozuia viumbe vya baharini visishike. Siku hizi shaba anaitia kwenye majani. Ugonjwa humpata kila masika kama unavyowapata wengine, nami humtazama kwa namna anavyouwahi.

Kwenye maduka ya pembejeo kuna shaba ya unga iliyokwisha kutengenezwa, unapima kijiko, unakoroga, unapiga. Ami huinunua akiwa na haraka. Akiwa na nafasi huchanganya mwenyewe mrututu na chokaa, na hapo ndipo utakapomjua fundi.

Mrututu ni yale mawe ya buluu ambayo wazee wa pwani waliyatia kwenye vidonda. Chokaa haihitaji kutambulishwa kwetu: ndiyo iliyoshikanisha mawe ya matumbawe katika kuta za Mji wa Kale, na imo hata kwenye tambuu. Kuvikutanisha viwili hivi kwa ajili ya mimea kulianzia Ufaransa. Mwaka 1882 Pierre-Marie-Alexis Millardet, profesa wa botania huko Bordeaux, alipita kwenye mashamba ya Médoc akaona mizabibu ya kando ya njia bado ina majani, ilhali ile ya ndani imepukutika kwa ukungu. Kumbe wenyewe walikuwa wameirushia mrututu na chokaa ili mpita njia aone rangi ile, adhani ni sumu, asichume. Millardet aliishughulikia hila hiyo ya kutisha wezi mpaka ikawa dawa, akaitangaza mwaka 1885. Hapa Kenya shaba ilizoeleka sana kwenye kahawa, kupambana na chulebuni, ugonjwa ulioonekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1922.

Kipimo cha kawaida ni gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa kwa lita 10 za maji. Kwa miche michanga Ami hupunguza nusu. Ndoo zake zote ni za plastiki, maana mrututu hula chuma. Wala hautupi chini ya ndoo. Jioni huufunga kwenye kitambaa na kuuning'iniza juu juu, ugusane tu na maji. Maji yaliyoshika mrututu huwa mazito, huzama yenyewe, na maji matupu hupanda kuchukua nafasi yake. Kukicha hakuna jiwe lililosalia. Ukiutupa chini hulala ndani ya maji yaliyokwisha kushiba, ukagoma kuyeyuka. Chokaa nayo huikoroga katika ndoo ya pili na kuichuja kwa kanga kuukuu, kwa sababu chembe moja tu yatosha kuziba mdomo wa pampu.

Kisha maji ya mrututu humiminwa polepole juu ya maziwa ya chokaa, mkono mmoja ukimimina na wa pili ukikoroga bila kupumzika. Rangi hutulia ikawa buluu ya anga. Hapo Ami hutoa msumari aliousugua kwa msasa mpaka ukang'ara, akauchovya kwa muda na kuutoa. Ukivaa wekundu wa shaba, mrututu bado haujafungwa wote na utaunguza majani, basi huongeza chokaa. Ukitoka unang'ara vilevile, pampu hujazwa. Sijui kipimo kingine chenye bei ya msumari mmoja kinachosema kweli namna hii. Mchanganyiko ni wa siku ileile. Ukilala, hutuama na nguvu yake hupungua.

Hupiga asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijakaza na kabla upepo wa bahari haujaamka. Mdomo wa pampu huanza chini ya jani ukielekea juu, maana upande wa chini ndio wenye vinyweleo vingi anavyopitia bakteria. Baadaye ndipo hupita juu. Jani linatakiwa lilowe pasipo kudondosha. Shaba haisafiri ndani ya mmea. Hukaa pale ilipoangukia, na kila jani linapolowa huachilia shaba kidogo kidogo, inayoshika protini za bakteria na kuziharibu. Bakteria aliyekwisha kuingia ndani ya jani haguswi. Jani lililochipua baada ya dawa kupigwa nalo halina kinga, ndiyo sababu wakati wa mvua hurudia kila siku 7 hadi 10. Kaskazi kavu ikivuma, pampu huning'inia ukutani wiki nyingi. Majirani humuuliza, "Ami, mbona hupigi dawa?" Hujibu, "Nimpige nani?"

Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni ya macho. Huinua majani ya chini na kuyatazama kwa mwanga wa jua. Doa dogo jeusi, lililolowa pembeni na kuzungukwa na umanjano, ni la bakteria. Doa kubwa lenye pete ndani ya pete ni la ukungu. Mimea ikiwa imelowa haigusi kabisa. Hata machipukizi huyapogoa mchana mkavu, kwa kuwa vidole vyenye maji husambaza ugonjwa kama mvua.

Siku mmea uliponyauka wote ungali kijani, hakuigusa pampu. Alikata shina karibu na ardhi, akaliweka kwenye gilasi ya maji safi, akangoja. Uzi mweupe wa utelezi ukateremka kutoka kwenye mkato. Huo ni mnyauko wa bakteria, wa Ralstonia, unaokaa udongoni na ndani ya mishipa ya mmea ambako shaba haifiki. Anayemshauri mkulima aumwagie shaba zaidi anamla pesa tu. Ami aling'oa mmea pamoja na udongo wake, na pahali pale sasa pana mahindi. Biringani, pilipili na viazi hapandi hapo, maana vyote ni jamaa za tungule.

Amejizuia kupiga shaba ovyo kwa sababu nyingine pia. Bakteria wanaopigwa shaba mfululizo huizoea. Tena shaba haiozi. Hubaki udongoni, hata Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Na ua wa Ami unateremka kuelekea hori ya Tudor, kwenye mikoko na kaa na kamba, viumbe wasioistahimili. Kwa hiyo huchanganya kiasi kinachotosha majani yaliyopo, na maji ya kusuuzia pampu huyanyunyiza kwenye mistari ileile.

Tungule zenye vumbi la buluu hazichumwi mpaka siku za kungoja zipite, na zikichumwa huoshwa vizuri. Mkewe huzitaka mapema kwa kachumbari ya Ijumaa. Humwambia akanunue sokoni.