Mzee Kedi Alienda Wapi?

Kuanzia mtihani wa 2018 hadi ule wa 2022, kila mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya alilazimika kuisoma Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei iliyotoka mwaka wa 2014. Mimi niliifundisha Nakuru. Kila mwaka tulipofika pale Ridhaa anaposimama kwenye magofu ya nyumba yake, darasa lilikuwa linanyamaza. Kisha mkono mmoja unainuka, mara nyingi kutoka nyuma: "Mwalimu, huyu Mzee Kedi alikuwa kabila gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Mwandishi hakutaja, nchi yenyewe ni ya kubuni, na wewe ukiulizwa kwenye mtihani zungumzia ukabila kama maudhui, usianze kubahatisha. Wanafunzi wanaandika, tunaendelea. Lakini mimi na wao tulijua kwamba hilo halikuwa jibu. Watoto hao walikuwa wadogo wakati wa vurugu za mwanzo wa 2008. Kuna waliobebwa mgongoni hadi uwanja wa Afraha. Kuna ambao baba zao walikuwa upande ule mwingine wa barabara. Walikaa dawati moja, wakakopeshana kalamu, na kila mmoja alikuwa ameshajaza jina la kabila la Kedi kimoyomoyo. Sidhani walijaza jina moja.

Mwaka mmoja kijana mwingine akaniuliza swali tofauti. "Sawa mwalimu, tuseme kabila si hoja. Baada ya kuchoma hiyo nyumba, Mzee Kedi alienda wapi?" Hapo sikuwa na jibu, hata la mtihani. Swali hilo nimekaa nalo muda mrefu, na kitabu kilichonisaidia kulielewa hakihusu Kenya hata kidogo. Kinahusu Kabul.

Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba hapa mjini, jalada limechanika: The Kite Runner, riwaya ya kwanza ya Khaled Hosseini, iliyotoka mwaka wa 2003. Anayesimulia ni Amir, mtoto wa tajiri wa Kipashtuni. Hassan ni mtoto wa mtumishi wao, Mhazara, na wamelelewa ua mmoja. Majira ya baridi ya 1975, siku ya mashindano ya tiara, Hassan anakimbilia tiara kwa ajili ya Amir, anazingirwa na wavulana watatu kwenye kichochoro, na mmoja wao anamnajisi. Amir yuko pale, amejificha. Anaona. Haingilii. Baadaye, kwa sababu hawezi kuvumilia kumtazama Hassan usoni, anamsingizia wizi ili familia yake iondoke. Yote yanayofuata, yaani kuingia kwa Wasovieti, safari ya kujificha ndani ya lori hadi Peshawar, baba aliyekuwa bwana mkubwa Kabul akifanya kazi kwenye kituo cha petroli huko Fremont, California, yanabebwa na dakika zile za kichochoroni.

Sasa ziweke riwaya hizi mbili kando kwa kando. Zote zinahusu familia iliyokuwa na nyumba nzuri ikaishia bila nyumba. Zote zinajua kwamba cheo na mali haviingii ndani ya lori la wakimbizi. Ridhaa ni daktari, msomi, mtu wa kuheshimiwa. Baba wa Amir ni mfanyabiashara aliyejenga kituo cha mayatima kwa pesa zake. Matei na Hosseini wote wawili wanatuonyesha kwamba fedheha ya mkimbizi haianzi na njaa. Inaanza pale mtu aliyezoea kutoa anapojikuta kwenye foleni ya kupewa.

Kuna hata mfanano ambao sikuutarajia. Moto ulipowala mama yake, dada yake, mke wake na mtoto wake, Mwangeka alikuwa Mashariki ya Kati akilinda amani ya watu wengine. Hosseini naye alizaliwa Kabul mwaka wa 1965, akaondoka 1976 baba yake alipopelekwa Paris kikazi katika ubalozi, na mwaka wa 1980 familia ikapata hifadhi Marekani. Vita vilipoingia nyumbani kwao, hakuwepo. Mtu asiyekuwepo hubeba hatia yake ya pekee, na Matei anaijua vizuri: kurasa za Mwangeka akirudi kwenye majivu ni miongoni mwa kurasa zake bora kabisa.

Lakini hatia ya asiyekuwepo si sawa na hatia ya aliyekuwepo. Hapo ndipo riwaya hizi zinapoachana.

Hosseini amemweka katikati ya hadithi mtu aliyekosa. Hatumsomi Amir tukimhurumia tu. Tunamsoma tukiona haya, kwa sababu tunajua sisi pia tungejificha. Katika Chozi la Heri, waliokatikati ni walioumizwa: Ridhaa, Kaizari na binti zake, Selume aliyelazimika kuiacha ndoa kwa sababu ya upande aliozaliwa. Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi aliyegeuka siku moja, tunamjua kupitia kumbukumbu za wengine. Anakuja na moto, anaondoka na moto. Wanafunzi wangu wakimwandikia sifa wanaandika mbili, "katili" na "msaliti", kisha wanakwama. Si kosa lao. Riwaya haijawapa cha tatu.

La pili ni majina. Hosseini anasema Mpashtuni, anasema Mhazara, anasema Msuni na Mshia, na anaonyesha jinsi mtoto wa miaka kumi na miwili anavyojifunza kwamba yule anayecheza naye si mwenzake. Sisi hatusemi. Tunasema "wale", "watu wa upande ule", "wageni". Matei amelitumia vizuri jambo hili pale Ridhaa mdogo anapodhihakiwa shuleni kuwa ni mtu aliyekuja kwa kufuata mvua. Msomaji yeyote wa Bonde la Ufa anaisikia ndani yake ile lugha ya "kuondoa madoadoa" iliyotangulia mapanga ya miaka ya tisini. Ila akishafika kwenye mapanga yenyewe, anarudi kwenye ukimya.

Ninaelewa kwa nini. Hebu fikiria riwaya ya lazima inayosomwa na watoto wa nchi nzima, miaka kumi tu baada ya vita, ikitaja makabila waziwazi. Ingefundishwaje Molo? Ingefundishwaje Naivasha? Mimi mwenyewe, nikiwa mbele ya darasa lile, nilishukuru mara nyingi kwamba jina halikuwepo. Anayemlaumu Matei kwa kukosa ujasiri hajawahi kufundisha fasihi Nakuru. Kuficha jina kulituwezesha kuzungumza. Swali langu ni kama kulituwezesha kuzungumza juu ya kila kitu, au juu ya machozi tu.

Maana historia ya hapa haina upande mmoja safi. Mapigano ya 1991 na 1992 yalifukuza watu Molo na Olenguruone. Mwanzoni mwa 1998 yalikuwa Njoro. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliochomewa Molo, Kuresoi na Burnt Forest walishuka hadi mjini Nakuru, wakajaa Afraha na uwanja wa maonyesho. Halafu, wiki ya mwisho ya Januari, kisasi kikaanza hapahapa mjini, na kule Naivasha watu kumi na tisa wakateketezwa ndani ya nyumba moja mtaani Kabati. Safari hii waliokimbia walikuwa wengine, na mabasi yaliwapeleka magharibi, "nyumbani", mahali ambapo baadhi yao hawajawahi kuishi. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini. Kwa hivyo mtoto wa Nakuru anayeuliza Kedi alikuwa kabila gani anauliza pia, bila kujua, kama Kedi ni babu yake.

Kuna riwaya iliyojaribu kwenda huko mapema. Kinyanjui Kombani alichapisha The Last Villains of Molo mwaka wa 2004, miaka mitatu kabla ya moto ule mkubwa. Inawafuata vijana wa mtaa wa Ngando, Nairobi, waliounganishwa na yaliyotokea Molo, na msichana Nancy anayeingia katika maisha ya mmoja wao akiwa na lake moyoni. Ni riwaya ya kijana, ina mbio za sinema na utani wa mtaani, na kuna mahali inaharakisha pale ambapo ingetulia. Lakini tazama tu jina lake. Imewaweka waovu kwenye jalada, halafu inakulazimisha uwapende kwanza kabla hujajua wanachobeba. Mwaka wa 2004 wengi waliisoma kama kisa cha zamani. Ingekuwa tumeisoma kama onyo, sijui.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani Hosseini hana dosari. Hassan wake ni mwema kupita kiasi. Anasamehe kabla hajaombwa, na mwisho anauawa akiilinda nyumba ya watu waliomfukuza. Mhazara amepewa utakatifu pale alipostahili kupewa sauti. Assef, adui, ni adui wa filamu: mnyanyasaji wa utotoni anajitokeza tena miaka ishirini na zaidi baadaye akiwa kigogo wa Taliban, kana kwamba Afghanistan nzima ina watu wanane. Kwa sadfa hapo Hosseini na Matei wako sawa, maana ndugu watatu waliotenganishwa, Umu, Dick na Mwaliko, nao wanakutanishwa kwa njia ambayo maisha hayana ukarimu wa kuitoa.

Na zote mbili zinafungwa kwa tendo moja: kuasili mtoto. Amir anamchukua Sohrab, mtoto yatima wa Hassan. Mwangeka na Apondi wanamchukua Umu; Mwangemi na Neema wanamchukua Mwaliko. Familia iliyovunjwa kwa damu inaungwa upya kwa hiari. Ni wazo zuri na nalikubali. Lakini Sohrab akifika Amerika hasemi. Karibu mwaka mzima yuko kimya ndani ya nyumba nzuri, na kitabu kinakwisha akiwa ametoa tabasamu dogo la upande mmoja. Hosseini anajua kwamba mtoto aliyeokolewa hadaiwi shukrani. Katika Chozi la Heri watoto wanashukuru, tena kwa maneno matamu na marefu. Chozi linakuwa la heri haraka kuliko nilivyoona likiwa kwa watu ninaowajua.

Heri hiyo ina kasoro moja zaidi: wanaoasili na wanaoasiliwa wote ni wa upande wa walioumia. Uzito wa Sohrab ni kwamba anayemchukua ndiye aliyemkosea baba yake. Hebu waza riwaya yetu ambamo mtoto wa Ridhaa analelewa ndani ya boma la Mzee Kedi, na Kedi anamwamsha asubuhi kwenda shule.

Si jambo la kubuni tu. Mwezi wa Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Watu walitolewa kambini wakarudishwa kwenye mashamba yao, kando ya waliowachomea. Wengine walikataa. Waliorudi walikuta mabati yao juu ya paa la mtu wanayemjua. Wakasalimiana. Wakanunua maziwa duka lilelile. Kesi za The Hague dhidi ya Wakenya sita zilikwisha bila hata mmoja kupatikana na hatia, na kesi zile zilihusu wakubwa; za majirani wengi hazikuwahi kufunguliwa popote. Mahakama ilishindwa, tume iliandika ripoti, kanisa lilihubiri msamaha. Kazi iliyobaki, ya kuingia ndani ya kichwa cha mtu aliyerudi kwake akinuka petroli akaulizwa na mkewe kama atakula, ni ya riwaya. Sijaisoma bado kwa Kiswahili.

Mwaka wa mwisho wa Chozi la Heri, nilitoa insha ambayo haikuwa kwenye silabasi: "Andika usiku ule kama Mzee Kedi." Wengi walimfanya alie, apige magoti, aombe radhi kabla ya aya ya tatu. Walikuwa wamefunzwa vizuri. Msichana mmoja aliandika ukurasa mmoja na nusu. Kedi wake alirudi nyumbani, akanawa, akalala. Alfajiri akaamka kukamua kama kawaida. Ng'ombe alikataa kutoa maziwa, akawa anapiga teke na kutazama mlangoni, kwa sababu alizoea mkono mwingine. Kedi akabaki amechutama na ndoo tupu mpaka jua likachomoza, akiogopa kumwita kwa jina lake, maana jina alipewa na yule mama wa jirani.

Hakutaja kabila. Sikuuliza. Nilimpa kumi na nane kwa ishirini. Mbili nilimkata kwa tahajia.