Sumu na Kipindupindu katika Kasri za Unguja

Miongoni mwa waliosomeshwa katika shule ya Harrow, kilimani kaskazini-magharibi ya London, alikuwamo Ali bin Hamud, Sultani wa Unguja tangu 1902 hadi alipojiuzulu 1911. Wasimulizi humtaja kama kioja cha enzi ya ukoloni, kisha wakapita. Ni nadra kuuliza njia iliyomfikisha pale, na njia hiyo inaanzia kwenye uvumi wa sumu.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia kasri na kujitangaza Sultani, na minong'ono ikamfuata kwamba ndiye aliyemlisha marehemu sumu. Siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilifyatua mizinga. Haikutimia saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Siku hiyo hiyo akatawazwa Hamud bin Muhammed, babake Ali.

Tuhuma yenyewe haikupata kufikishwa mbele ya kadhi wala hakimu. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam. Hata hivyo vitabu vimeendelea kuirithishana, na sababu yake ni ya kifasihi kabla ya kuwa ya kihistoria. Sumu ina mkono nyuma yake, na mkono una mwenyewe. Hadithi inapata mhalifu. Msomaji akishakubali kuwa kasri lilikuwa pango la wauaji, mizinga nayo inageuka kuwa hukumu.

Kitabu cha Sayyida Salme bint Said, kilichochapwa Berlin kwa Kijerumani mwaka 1886, kinaonyesha kifo cha namna nyingine. Beit el Mtoni, alikozaliwa 1844, anaikadiria kuwa na wakaazi kama elfu moja, na uani mlitembea tausi, paa, mbuni na bata. Beit el Sahel wanyama walichinjwa na kuchunwa uani, katikati ya wapishi na wachukuzi. Wengi huzisoma kurasa hizi kama picha za anasa. Zisomwe tena kwa pua: damu, samadi, joto, na umati ule wote. Mamake Salme, Jilfidan, alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859, wala hapakutafutwa mtu wa kushukiwa. Binti huyu, anayeitetea nyumba ya Kiarabu karibu katika kila jambo mbele ya wasomaji wake wa Ulaya, huwa mkali anapofika kwenye tiba: kuumikwa, na kombe la zafarani la kunywewa. Ukali huo una uzito kuliko sifa zake zote za marashi.

Daktari James Christie, aliyeandika mwaka 1876 juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, aliifuata njia ya maradhi ya 1869 kutoka bara, kupitia nchi ya Wamaasai, hadi pwani na Unguja. Kwake ugonjwa ulitembea na misafara.

Salme, hata hivyo, anatazama kutoka ghorofani. Watumwa waliochota maji na kuondoa uchafu wanapita kurasani mwake kwa makundi, wengi bila majina. Upungufu huo Adam Shafi aliukabili kwa riwaya, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), ambamo jumba la bwana linatazamwa pia kutoka upande wa Kijakazi, mtumishi wake.