Kaburi la Behobeho na Beti Zilizokosekana

Uwanja wa vita nao husomwa kama utungo, na msomaji hana budi kuuliza nani katajwa na nani kaachwa. Kusini ya milima ya Uluguru, ukiisha kupita Kisaki na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, pana kaburi ambalo wageni huonyeshwa baada ya tembo, chemchemi za maji moto na safari za mashua mtoni Rufiji. Amelala hapo Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza, aliyepigwa risasi Behobeho tarehe 4 Januari 1917, naye ana miaka 65.

Pigano lenyewe lilikuwa dogo. Waingereza waliiteka Morogoro mwezi wa Agosti 1916. Wajerumani wakarudi nyuma kwa kuizunguka milima, wakapigana Kisaki mwezi wa Septemba, kisha wakaelekea Rufiji. Nyuma ya kila jeshi walikwenda wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, waliokufa hukadiriwa kufika 95,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa.

Hapo ndipo utungo huu unapopungua mizani. Jina la Selous lilipewa pori zima mwaka 1922. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa hifadhi yenye jina la Nyerere. Badiliko hilo nalikubali, lakini jina kubwa limetoka na jina kubwa limeingia. Mpagazi angali nje ya mlango. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, inawataja wapagazi kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwamo, ila kwa jumla yao tu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakupewa kumbukumbu sawa na wenzao. Mnara wao ulio hai, waama, ni neno Kariakoo, nalo tumelifanya soko.

Sisi wa visiwani tusijitoe. Chapwani twayasoma makaburi ya mabaharia wa Pegasus, iliyozamishwa bandarini petu tarehe 20 Septemba 1914. Manowari iliyoizamisha, Königsberg, iliishia Rufiji mwaka 1915, na mizinga yake ikaburutwa bara kwa nguvu za watu ambao hakuna jiwe linalowataja. Washairi wetu wa kale walivitungia tenzi vita vya Wadachi Mrima na vya Maji Maji. Bahari hiyohiyo ya utenzi ingewatosha wapagazi hawa, kwani ni ndefu, na hupokea majina mengi bila ya kuchoka.

Kwa sasa ningeridhika na kibao kimoja kando ya kaburi la Behobeho, kwa Kiswahili na Kiluguru, kikitaja mizigo iliyobebwa, njia iliyopitwa, na vijiji walikochukuliwa wabebaji.