Bendera ya Mwezini: Swali Zuri, Hitimisho Bovu

Bila shaka umeshakutana na hoja hii: darubini ya Hubble inaona galaksi zilizo mbali ajabu, sasa mbona haituonyeshi bendera ya Apollo iliyo hapo Mwezini tu? Halafu muulizaji anafunga mjadala: basi hakuna aliyefika.

Wapenda sayansi wengi humjibu kwa kicheko. Si haki, maana swali lenyewe ni zuri. Kibovu ni hitimisho, na ukipiga hesabu kidogo utaona kwa nini.

Umbali peke yake hauamui. Kinachoamua ni ukubwa wa kitu ukilinganishwa na umbali wake. Mlima unauona ukiwa mbali sana, ila mbuzi aliye mgongoni mwake humwoni. Galaksi ya Andromeda iko miaka-nuru milioni 2.5 kutoka hapa, lakini angani upana wake ni kama Mwezi mpevu mara sita. Bendera ina upana wa mita 1.5 tu, nayo iko kilomita 384,000 hivi. Mwanga ni mawimbi, kwa hiyo kioo cha Hubble cha mita 2.4 kina kikomo: kwa umbali huo, uwanja mzima wa mpira unakuwa nukta moja. Kuipata bendera kama nukta tu ungehitaji kioo cha mita 170 hivi.

Kwa hiyo jibu la kweli ni hapana, darubini za huku haziwezi. Dawa yake ilikuwa kuisogeza kamera. Mwaka 2009 chombo cha Marekani, Lunar Reconnaissance Orbiter, kilianza kuuzunguka Mwezi. Picha zake zinaonyesha sehemu za chini za vyombo vya Apollo, vivuli vyake, na vijia vilivyoachwa na nyayo za wanaanga. Unasema ni wale wale NASA? Chandrayaan-2 ya India nayo imepiga picha eneo la Apollo 11.

Lakini na watetezi wa Apollo nao wapimwe. Hupenda kusema: "Leza inarudi kutoka kwenye vioo walivyoacha, kwisha habari!" Kweli inarudi, baada ya sekunde 2.5 hivi. Ila magari ya Lunokhod ya Umoja wa Kisovieti nayo yana vioo vya namna hiyo, na hayakubeba mtu. Kioo kinathibitisha kwamba kitu kilifika. Kwamba mtu alifika, vile vijia vya nyayo vina uzito zaidi.

Basi siku mtu akikuletea hoja hii, usimcheke. Mpe karatasi na kalamu, muanze na ile mita 1.5.