Mguu Mwepesi wa Dereva wa Boza

Mtoto wa shangazi yangu yuko Minneapolis, Marekani, ambako kazi yake ni kupeleka vifurushi majumbani kwa lori dogo. Kila Januari hunipigia simu kulalamika: theluji imeshindiliwa na magari mpaka imekuwa kama sabuni, breki haishiki, usukani unazunguka na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Zamani nilikuwa nampa pole. Siku hizi namwambia aje kwetu Hai Amarat, Juba, Sudan Kusini, mwezi wa Agosti, tuone nani atampa mwenzake pole.

Ukiujua mtaa wetu kwa lami yake tu, hujaujua. Amarat ni mahoteli, ofisi za mashirika na kuta ndefu zilizovikwa seng'enge. Lakini ukiacha barabara kubwa ukapinda vichochoroni, unakanyaga murram. Kiangazi ni vumbi. Mvua ikipiga saa moja tu, juu panakuwa mlenda na chini panabaki pagumu, gurudumu halina pa kung'ata. Huko ndiko boza la maji linakopaswa kupita, maana mabomba ya mji hayajafika kwenye nyumba nyingi za Juba. Maji huchotwa mtoni, Bahr el Jebel, huuzwa kwa boza, humiminwa kwenye matangi ya plastiki yaliyosimamishwa juu ya miguu ya chuma. Ndiyo maana utamkuta mtu uani kwake, mvua inamlowesha, anapiga simu kuuliza maji yatafika saa ngapi.

Anayetuletea sisi ni mzee mmoja kutoka Busia. Kabla ya kuhamia maji alivuta trela kutoka Mombasa mpaka hapa, zaidi ya kilomita 1,500, kupitia Malaba, Gulu na Elegu. Anaikumbuka njia ya kutoka Nimule mpakani hadi Juba kabla lami yake ya kilomita 192 haijakamilika mwaka 2012, na akianza kuisimulia chai hupoa. Mimi masimulizi yake nayapenda, lakini ufundi wake haumo humo. Uko mguuni.

Asubuhi moja nilipanda naye. Kabla ya kuingia kichochoroni alisimamisha boza kwenye lami, akashuka, akatembea na fimbo hadi getini kwetu na kurudi, akidunga dimbwi moja moja. Kisha akaondoka kwa gia namba mbili. Namba moja ina nguvu mno, aliniambia. Gurudumu likipewa nguvu kuliko linavyoweza kushika, litazunguka palepale na kujichimbia kaburi. Klachi aliiachia taratibu, mafuta akayakanyaga kama mtu anayenyata chumbani alimolala mtoto. Toka hapo hadi getini hakuongeza, hakupunguza, breki hakuigusa. Kupunguza mwendo alikwishakumaliza kule kwenye lami.

Na mzigo wenyewe ni wa ajabu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo boza la lita 10,000 limebeba tani 10, na tani hizo hazitulii. Tangi likijaa pomoni, maji hukaa kimya. Likiwa nusu, ukigusa breki maji hukimbilia mbele, hugonga ukuta, hurudi nyuma, na gari ulilodhani limesimama husukumwa tena. Kwenye lami ni mtikiso tu. Kwenye tope utajikuta mtaroni. Basi siku ya mvua mzee hagawi boza moja kwa nyumba mbili. Anajaza lote, anamimina lote. Wateja wanamnung'unikia. Mimi naona haki iko kwake.

Kurudi tupu ndiko kunakomtia wasiwasi zaidi, jambo ambalo sikulitegemea. Boza tupu ni jepesi nyuma, na magurudumu yanayolisukuma hayana uzito wa kuyakandamiza chini. Nilipomsimulia ndugu yangu wa Minneapolis alicheka: wenye pikapu kule hutia mifuko ya mchanga nyuma majira ya theluji, kwa sababu hiyohiyo.

Kuna pia suala la usukani. Kenya na Uganda magari hupita kushoto, Sudan Kusini hupita kulia, na boza lake lilitoka Kampala, usukani uko kulia. Kwenye barabara kuu hiyo ni kasoro kweli: kulipita gari la mbele ni mpaka taniboi achungulie na kusema njia ni nyeupe. Vichochoroni kasoro inageuka faida. Mzee anakaa upande wa mtaro. Anatoa kichwa dirishani na kuuona ukingo chini ya kiwiko chake, shibiri moja kutoka tairini.

Msimu uliopita kijana mmoja aliingia kichochoro hichohicho kwa kasi, akidhani mwendo utamvusha. Boza likaenda kiubavu, likalalia mtaro, njia ikafungwa siku mbili. Watu walijaa kutazama akikanyaga mafuta, matope yakiruka hadi juu ya ukuta, injini ikitoa moshi, na wapo waliomshangilia. Mzee alitazama kidogo, akasonya. Kesho yake alipitia njia ya nyuma, akatujazia tangi, akaenda zake. Hakuna aliyetoka kumtazama, na sijui kama yupo aliyemwambia ahsante.

Huwa anafika kwetu mnamo saa moja asubuhi. Nawe ukiagiza maji siku ya mvua, fungua geti mapema na uondoe gari lako njiani kabla boza halijapinda kuingia. Akilazimika kusimama kwenye tope kukusubiri, hapo ndipo atakapozama.